Mashine ya Kuchomea Diski: Kuchagua Iliyo Imara Mahali pa Ile Iliyokufa

Katika kiangazi cha mwaka juzi kompyuta ya nyumbani kwangu hapa Katumba iliugua. Haikufa yote, ilikufa sehemu yake moja tu, yaani mashine ya kuchomea diski, ambayo mafundi huiita draivu. Ukibonyeza kitufe, trei ilitoka kama kawaida, diski ikawekwa, trei ikarudi ndani, ukasikika mlio wa kuhangaika, halafu kompyuta ikatangaza kwamba haikuona diski yoyote.

Katika nyumba nyingi za siku hizi jambo kama hili halimhuzunishi mtu. Nyimbo na picha huhifadhiwa katika simu, flashi na kadi za kumbukumbu, na kompyuta nyingi mpya hutengenezwa bila draivu kabisa. Lakini katika kabati langu zilikuwamo diski 43 ambazo hazikuwa zangu, na hadithi ya diski hizo ndiyo iliyonilazimisha kujifunza mambo ninayoyaandika hapa kwa ajili ya walimu wenzangu na wanafunzi.

Msomaji asiyeijua Katumba huenda akahitaji maelezo machache. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1973 katika pori la miombo, si mbali na mji wa Mpanda, ili kuwapokea watu waliokimbia mauaji yaliyotokea Burundi mwaka 1972. Leo Katumba imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, Mkoa wa Katavi, mkoa ambao wenyewe ulianzishwa mwaka 2012. Wenyeji wa makazi haya, pamoja na wa Mishamo na Ulyankulu, walianza kukabidhiwa hati za uraia wa Tanzania mwezi Oktoba 2014. Waliofika wakiwa watu wazima mwaka ule wa 1973 sasa ni wachache sana.

Mzee mmoja jirani yangu alikuwa amezikusanya sauti za wazee wenzake: namna walivyovuka mpaka, namna walivyogawiwa mashamba na kufyeka miti, nyimbo za kwaya za miaka ile ya kwanza. Hapo mwanzo alitumia kanda za kaseti. Baina ya mwaka 2005 na 2011 kijana mmoja alimhamishia kanda zile katika diski. Kanda zenyewe zimekwisha kuharibiwa na unyevu na panya. Wengi wa waliosema humo hawapo tena. "Mwalimu," aliniambia, "wewe unayo mashine. Nitolee nakala mbili mbili, moja ya wanangu na moja ya kanisa." Nilikubali upesi mno. Mashine ilikufa kabla sijamaliza diski ya nne.

KOSA LA KWANZA

Nilikwenda mjini Mpanda nikanunua draivu nyingine kwa bei rahisi. Muuzaji alinitia moyo: "Chukua hii, mwalimu, ni mpya, tena ina mara hamsini na mbili." Niliifunga, ikafanya kazi, nami nikafurahi. Nilichoma diski kumi na mbili, na kila mara programu ilitangaza kwamba kazi imefanikiwa. Baada ya miezi mitatu mzee alizirudisha saba. Redio ya kanisa ilizikataa, na hata kompyuta yangu mwenyewe ilizisoma kwa kukwama-kwama.

Je, kosa lilikuwa la draivu au la diski? Hili ni swali zuri la kufundishia, kwa sababu vitu viwili vilikuwa vimebadilika kwa pamoja: nilikuwa na draivu mpya na pakiti mpya ya diski. Vijana wa klabu ya sayansi ya shule ndio walioniambia nifanye jaribio la haki. Tulichukua diski tano kutoka pakiti ile ile, tukazichoma katika kompyuta ya rafiki yangu, kwa programu ile ile na kwa kasi ile ile. Zote tano zilisomeka vizuri, na mpaka leo zinasomeka. Kwa hiyo diski hazikuwa na hatia. Draivu yangu mpya ilikuwa inaandika kwa mkono dhaifu, mfano wa mtu aandikaye kwa kalamu inayokaribia kuishiwa wino.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za chombo hiki.

KUCHOMA NI NINI HASA?

Diski ya sauti ya aina ya sidii ilitolewa sokoni mwaka 1982 na makampuni ya Sony na Philips. Upana wake ni milimita 120, na unene ni milimita 1.2. Ile itokayo kiwandani ikiwa na nyimbo tayari haichomwi, bali hupigwa muhuri: plastiki hukandamizwa juu ya kalibu yenye vinundu vidogo sana, kisha hufunikwa kwa utando mwembamba wa alumini. Diski tupu inunuliwayo dukani ni kitu kingine. Ndani yake kuna mfuo mmoja mwembamba uzungukao kutoka katikati kwenda nje, na juu ya mfuo huo imepakwa rangi ya kikemia, kisha utando wa fedha au wa metali nyingine unaorudisha mwanga. Mwali wa leza wenye nguvu ukiigusa rangi hiyo, huipasha joto na kuibadili umbile. Doa lililopatwa na joto hurudisha mwanga hafifu kuliko sehemu zilizobaki salama. Wakati wa kusoma, leza ile ile hupunguzwa nguvu sana, nayo hupita juu ya madoa bila kuyadhuru, huku kijicho cha elektroniki kikihesabu mahali mwanga unapokuwa mwingi na mahali unapopungua. Kwa hiyo neno "kuchoma" lililozoeleka mitaani si baya hata kidogo, ingawa hakuna moshi utokao.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kupiga hesabu hii. Umbali baina ya mzunguko mmoja wa mfuo na ule ufuatao katika sidii ni maikromita 1.6. Sehemu yenye maandishi huanza yapata milimita 25 kutoka katikati na kuishia milimita 58. Tukitoa eneo la duara dogo katika eneo la duara kubwa, tunapata karibu milimita za mraba 8,600. Tukiligawanya eneo hilo kwa upana wa mfuo, yaani milimita 0.0016, tunapata urefu wa zaidi ya kilomita 5. Safari hiyo yote ndefu imo katika kitu unachoweza kukishika kwa vidole viwili.

Katika dividii mambo yamebanwa zaidi. Leza ya sidii hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, usioonekana vizuri kwa macho. Ya dividii ni nanomita 650, mwanga mwekundu. Ya diski za Blu-ray ni nanomita 405, mwanga wa zambarau. Wimbi likiwa fupi, lenzi huweza kulikusanya katika nukta ndogo zaidi. Mfuo wa dividii umeachana kwa maikromita 0.74 tu, na doa lililo fupi kabisa lina urefu wa maikromita 0.40 badala ya 0.83 ya sidii. Gawanya 1.6 kwa 0.74, kisha 0.83 kwa 0.40, halafu zidisha majibu mawili: utapata karibu 4.5. Lakini dividii huchukua gigabaiti 4.7, nayo sidii megabaiti 700, yaani tofauti ya karibu mara 6.7. Ziada hiyo imetokana hasa na njia bora zaidi ya kuyapanga maandishi na kuyasahihisha makosa, jambo ambalo ni la hisabati wala si la mwanga.

Kuhusu makosa hayo, msomaji ajue kwamba hakuna diski isiyo na makosa. Kila diski, hata mpya, ina nukta zilizosomwa vibaya. Mwaka 1960 wanahisabati wawili wa Marekani, Irving Reed na Gustave Solomon, walibuni njia ya kuongeza tarakimu za ziada katika ujumbe, ili sehemu ikipotea iweze kukokotolewa upya kutokana na zilizobaki. Njia hiyo ndiyo itumikayo katika sidii, nayo huweza kuziba pengo la karibu milimita mbili na nusu kwenye mfuo. Uzuri huu una ubaya wake pia: unaficha ugonjwa. Diski iliyochomwa vibaya husomeka vizuri siku ya kwanza kwa sababu makosa yake yote yanasahihishwa kimya kimya. Rangi ikififia kidogo, au mkwaruzo mmoja ukiongezeka, makosa huvuka uwezo wa masahihisho, na diski hukataliwa ghafula. Ndiyo sababu diski zangu saba zilionekana nzima kwa miezi mitatu.

KABLA YA KUTUPA YA ZAMANI

Draivu isiyofanya kazi si lazima iwe imekufa. Ndani yake kuna diodi mbili za leza, moja ya sidii na nyingine ya dividii, na aghalabu hufa moja kwanza. Draivu isomayo dividii lakini ikataayo sidii kabisa, au kinyume chake, inaelekea kuwa imepoteza diodi moja. Isomayo zote lakini ishindwayo kuchoma, huenda leza yake imechoka, kwa maana kuchoma kunahitaji nguvu nyingi kuliko kusoma. Ile ambayo trei yake haitoki, mara nyingi tatizo ni mkanda mdogo wa mpira uliolegea, na mpira huo bei yake ni ndogo sana.

Kisha kuna umeme. Draivu ya kompyuta ya mezani hupokea njia mbili za umeme, volti 5 na volti 12, na zote hazitakiwi kupanda au kushuka kuliko asilimia 5. Yaani njia ya volti 12 ibaki baina ya 11.4 na 12.6. Tulipoipima kompyuta yangu kwa mita ya maabara ya shule wakati draivu inazunguka, tulikuta volti 11.1. Kumbe hata kisanduku cha umeme kilikuwa kimechoka! Huenda ndicho kilichoiharakishia kifo draivu ya kwanza, na kuidhoofisha ya pili. Nilibadili kisanduku kabla ya kununua draivu ya tatu, nami nawasihi wengine wapime kwanza.

Mji wa Mpanda kwa miaka mingi uliwashwa kwa mashine za dizeli, na nyumba nyingi huku vijijini hutumia umeme wa jua. Wapo vijana wanaounganisha draivu moja kwa moja na betri ya jua kwa hoja kwamba betri ni volti 12 na draivu ni volti 12. Hoja hiyo si sahihi. Betri ya jua ikiwa inachajiwa hupanda hata kupita volti 14, na ikiwa imetumika sana hushuka chini ya 12. Draivu haivumilii hayo. Lazima kiwepo kifaa cha kutuliza volti katikati.

Onyo moja kwa wanafunzi wapendao kufungua vitu: usiiwashe draivu ikiwa imefunguliwa. Leza ya kuchomea huweza kulidhuru jicho, na ile ya nanomita 780 haionekani vizuri, hivyo jicho halitapepesa kujikinga.

NAMNA YA KUCHAGUA

Hesabu ya "mara hamsini na mbili" ndiyo iliyonidanganya. Mara moja katika sidii maana yake ni kilobaiti 150 kwa sekunde, na katika dividii ni karibu kilobaiti 1,385 kwa sekunde. Mara 52 huifanya diski izunguke zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika. Tuchukue 10,000. Ukingo wa diski, ulio milimita 60 kutoka katikati, utakuwa unakwenda karibu mita 63 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 220 kwa saa, na mchapuko wake wa kuelekea katikati utazidi mara 6,000 ya ule wa mvutano wa dunia. Diski yenye ufa mdogo karibu na tundu la katikati inaweza kupasuka vipande vipande ndani ya mashine kwa kasi kama hiyo. Hakuna anayehitaji kasi hiyo kwa kazi ya kuhifadhi. Kasi iliyoandikwa juu ya sanduku ni sifa ya kuuzia tu, isikushawishi.

Jambo la kutazama kwanza ni nani aliyeitengeneza. Majina yaliyopigwa chapa mbele ya draivu ni mengi, lakini viwanda vilivyozitengeneza ni vichache, na vinazidi kupungua. Kampuni ya Optiarc ya Sony ilifungwa mwaka 2013. Taiyo Yuden wa Japani, aliyesifika kwa diski tupu zilizo bora, aliacha biashara hiyo mwishoni mwa mwaka 2015. Mwezi Februari 2025 Sony ilikoma kutengeneza diski tupu za Blu-ray. Kwa hiyo draivu nyingi zinazouzwa zikiitwa mpya zimekaa ghalani miaka mingi, au zimetolewa katika kompyuta zilizokufa.

Mtengenezaji wa kweli hutambulikana. Tazama kibandiko kilicho juu ya bati, au ifunge draivu katika kompyuta usome jina ambalo kompyuta yenyewe inalitaja. Likianza na HL-DT-ST, imetoka kampuni ya pamoja ya Hitachi na LG. TSSTcorp ni ya Toshiba na Samsung. PLDS ni ya Philips na Lite-On. MATSHITA ni Matsushita, ambayo sasa inaitwa Panasonic. Kama jina la mbele na jina la ndani havipatani, si lazima iwe ni hila, maana makampuni mengi hununua draivu na kuzibandika majina yao. Lakini ikiwa kompyuta inataja jina lisilotambulikana, na kibandiko hakina tarehe ya kutengenezwa, mimi kwa upande wangu huirudisha mezani kwa muuzaji.

Halafu kuna umbo. Hapa nina maoni makali kidogo, na wenye kompyuta za mapajani wanisamehe. Draivu nene ya kompyuta ya mezani ni bora kwa mazingira yetu kuliko ile nyembamba. Katika draivu nene lenzi hubaki ndani, trei pekee ndiyo inayotoka. Katika ile nyembamba lenzi imefungwa juu ya trei, nayo hutoka nje kila unapofungua. Katika mwezi wa Agosti, vumbi la barabara zetu likiwa limetanda hadi ndani ya vitabu, lenzi hiyo inakuwa kama sahani ya kukusanyia vumbi. Zaidi ya hayo, draivu nyembamba hutegemea volti 5 peke yake. Ikiwa ni ya kuchomeka nje kwa waya wa USB, tundu la kawaida la USB la aina ya pili hutoa ampia 0.5 tu, yaani wati 2.5, na wakati wa kuanza kuzungusha na kuchoma, draivu huweza kuhitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana nyingine huja na waya wenye vichwa viwili, navyo vyote viwili vichomekwe. Mtu akiwa na kompyuta ya mapajani anaweza kutumia draivu nene kwa njia ya kigeuzi cha USB chenye umeme wake wa volti 12.

Jihadhari pia na draivu za nje zilizo nyepesi na rahisi mno. Aghalabu ganda ni jipya, ila moyo umetolewa katika kompyuta kuukuu.

Mwisho, hakikisha waya unaingia. Kompyuta za zamani hutumia utepe mpana wenye pini 40. Zilizofuata, tangu mwaka 2003 hivi, hutumia waya mwembamba wa SATA wenye njia 7. Vitu hivi viwili haviingiliani. Njia iliyo rahisi ni kuichukua draivu mbovu mfukoni ukaenda nayo dukani.

JARIBIO LA DUKANI NA LA NYUMBANI

Nilipokwenda mara ya tatu nilibeba diski nne: moja ya kiwandani, moja ya sidii iliyochomwa mwaka 2006 ambayo nilijua ni ngumu kusomeka, moja ya dividii, na moja tupu. Muuzaji alicheka. "Mwalimu leo umekuja kusahihisha mitihani?" Nilimwomba radhi nikamwambia ndivyo ilivyo. Draivu mbili za kwanza zilisoma diski ya kiwandani bila shida zikashindwa ile ya mwaka 2006. Ya tatu, kuukuu kwa sura, yenye jina la HL-DT-ST na tarehe ya mwaka 2012, iliisoma. Nikaichukua hiyo.

Nyumbani tulifanya jaribio refu zaidi. Tulichoma diski moja, tukaiagiza programu ilinganishe kila baiti na asili yake, kisha tukaisoma katika mashine nyingine tatu. Kusomeka katika mashine iliyoichoma si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa kila mtu huweza kusoma mwandiko wake mwenyewe. Zipo programu za bure zinazohesabu makosa yaliyosahihishwa, ikiwa draivu inakubali kuyatoa. Kwa sidii kanuni ya kimataifa hairuhusu wastani wa zaidi ya 220 kwa sekunde, na diski nzuri huwa chini sana ya hapo. Draivu isiyotoa hesabu hiyo inaweza kuchunguzwa kwa saa na karatasi ya grafu. Nakili diski nzima huku ukiandika kasi kila baada ya nusu dakika. Kwa kuwa maandishi huanza ndani na kwenda nje, kasi inapaswa kupanda taratibu kwa mstari ulio laini. Mstari ukizama ghafula, hapo ndipo mashine iliporudia kusoma mara nyingi. Vijana wangu walizichora grafu za diski kumi na mbili za kwanza, na zile saba mbovu zilijitambulisha mara moja.

Kuhusu kasi ya kuchoma, wengi husema iwe ya chini kabisa. Hiyo si kanuni ya kweli kwa kila hali. Rangi ya diski imeandaliwa kwa joto la kasi fulani, na polepole mno huweza kuwa mbaya sawa na haraka mno. Diski ya dividii iliyoandikwa mara 16 mimi huichoma kwa mara 8. Kwa kasi hiyo kilobaiti 11,080 hupita kila sekunde, na diski iliyojaa huchukua karibu dakika saba. Umeme ukikatika ndani ya dakika hizo saba, diski imepotea. Kompyuta ya mapajani ina betri yake, hivyo inatushinda hapo. Sisi wa kompyuta za mezani tuchome asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda na betri zimeanza kujaa.

Diski zenyewe zinataka kivuli. Rangi yake huharibiwa na mwanga wa jua, kama nguo ianikwayo kila siku. Upande wa kuogopa zaidi katika sidii si ule unaong'aa bali ule wa juu wenye maandishi, kwa sababu huko utando wa fedha umefunikwa kwa vanishi tu. Mkwaruzo wa kalamu ya chuma huung'oa pamoja na habari zake. Andika kwa kalamu laini, karibu na tundu. Usibandike karatasi, maana huifanya diski iyumbe. Ukisafisha, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, wala usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mfuo huharibu habari nyingi zilizo jirani kuliko unaoukata. Unyevu nao si rafiki: mwaka 2001 ilitangazwa habari ya sidii kutoka Belize, Amerika ya Kati, iliyoliwa na ukungu ulioingia kutoka ukingoni. Tangu nisome habari hiyo, masika yakianza diski za mzee hukaa katika kopo la maziwa lenye kifuniko, pamoja na mchele uliokaushwa.

Rafiki zangu huniuliza kwa nini nisiweke yote katika flashi nikapumzika. Nimeweka. Lakini flashi huhifadhi habari kwa chaji ndogo za umeme zinazovuja kidogo kidogo ikiachwa miaka, tena virusi vya kompyuta za mitaani huifuta kwa dakika moja. Diski iliyokwisha kuchomwa na kufungwa haiwezi kuandikwa juu yake. Nakala moja iwe huku na nyingine kule, na baada ya kila miaka michache zote zisomwe upya.

Draivu ile ya mwaka 2012 ndiyo inayofanya kazi mpaka leo. Katika diski 43 za mzee, ilisoma 31 bila taabu. Nyingine saba zilisomeka baada ya kufutwa na kuteremshwa kasi hadi ya chini, moja ikituchukua usiku mzima. Zimebaki tano. Mbili zilibandikwa karatasi ambayo imeivuta fedha pamoja nayo, na hizo sina matumaini makubwa nazo. Tatu zilitundikwa ukutani miaka kadhaa kama mapambo, zimefifia, lakini mwanzoni mwa kila moja sauti husikika kwa sekunde chache kabla ya kukatika. Katika mojawapo mzee anasema anamsikia kaka yake. Mwalimu mwenzangu wa Mishamo anayo draivu ya zamani zaidi, ambayo husemwa kuwa inasoma yaliyozishinda nyingine. Barabara ikikauka baada ya mvua, tutampelekea hizo tatu.